Sanda Iliyotiwa Mkandaa

Mimi nilizaliwa Pujini, kwa watu wa jembe, na sikuwahi kuficha kwamba harufu ya uduvi niliichukia. Siku nilipoletwa Chokocho kuwa mke wa Hamad, kitu cha kwanza kukiona uani kwa mama mkwe wangu kilikuwa jamvi zima la uduvi limeanikwa juani, na nzi wamejaa kama na wao wamealikwa harusini. Nikaziba pua kwa ncha ya buibui. Bi Time akaniona. Hakununa, alisema tu, "Mkaza mwanangu, pua itazowea. Tumbo ndo lisozowea njaa."

Huyo ndiye ninayetaka kumweleza, Bi Time binti Ngwali, mama wa mume wangu. Hakuwa mtu mkubwa. Hakuwa na mikarafuu, hakusoma chochote zaidi ya juzuu ya mwisho, na sifa yake kijijini ilikuwa kwamba anajua kutanda. Wazee wake waliletwa kutoka bara wakati ambao mtu hakuulizwa kama anataka kuja. Mama yake, aliyeitwa Kijakazi, alikuwa mtumwa wa shamba. Mama huyo alikufa wakati Bi Time ni mwari, na nguo aliyozikiwa ilitolewa na bwana wa shamba, kipande cha marikani kilichobaki dukani, kifupi, miguu ikabidi ifunikwe kwa kitambaa kingine. Bi Time aliniambia habari hiyo mara moja tu, akiwa anatwanga, na hakuacha kutwanga.

Kutanda ni kazi ya wanawake wawili na nguo moja. Mnaingia baharini, maji ya magoti au ya mapaja, kila mmoja kashika pembe zake mbili. Ukingo wa chini unapita karibu na mchanga, wa juu mmeushika kiunoni, mnatembea polepole kuukabili mkondo, halafu mnakaribiana na kuinua. Maji yanachuruzika, uduvi wanabaki. Nguo ikiwa na tundu, mmekwenda kuoga.

Mwenzake wa kutanda alikuwa Mwanapili, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia mikokoni. Walishika nguo moja tangu wote wawili ni wake wapya. Waligombana kila siku ya Mungu, na maji yakipwa walikwenda pamoja. Mimi nilipofika nikapewa kazi ya kubeba pakacha, na nikaibeba kwa mashavu yaliyovimba.

Nilidhani uduvi ni uduvi, kama vile watu wa Chokocho wanavyodhani muhogo ni muhogo. Siku moja Bi Time akachoka na ujinga wangu. Akachota maji kwa kifuu cha nazi, akakiinamisha juani.

"Watazama?"

"Sioni kitu, mama. Maji."

"Usitazame kiwiliwili. Tafuta macho."

Nikatafuta. Nikaona vidoa vyeusi viwili viwili, vinakwenda vyenyewe ndani ya maji, havina mwenyewe. Kisha jicho langu likashika, na nyuma ya kila vidoa viwili nikauona mwili, mweupe kama kioo, na chini ya mkia tone jekundu kana kwamba mtu kamgusa kwa mate mekundu ya tambuu. Nilipiga kelele. Bi Time akacheka mpaka kifuu kikamwagika, na ikabidi achote tena.

Basi akanifundisha. Hawa wa kioo, alisema, wanakaa mchangani peupe, hawana pa kujificha, ndiyo maana Mungu kawafanya wasionekane. Wale wa kijani kijani wanakaa kwenye majani ya baharini, wamevaa rangi ya nyumba yao. Wale wenye ndevu ndefu wanaelea juu juu, wanazinyoosha ili wasizame, kama mtu aliyejilaza chali majini akafungua mikono. Walikuwamo wengine wembamba kama sindano, hao hawana urafiki na mtu, wanawala wenzao. Mvua ikinyesha na maji ya hori yakawa ya chai, kuna kabila lake linaloteremka mpaka kwenye mikoko kunywa maji baridi, na wale wa mchanga peupe hutawafuata huko hata kwa dawa. Jua likiwa kali wanashuka chini au wanaingia kivulini, likipoa wanapanda. Upepo wa nje ukivuma huja vile vibuluu vinavyoelea majini na kuwasha ngozi. Siku hiyo, alisema Bi Time, mwanamke mwenye akili hukaa nyumbani asuke ukili.

"Bahari nyumba," alinambia. "Yuko wa barazani, yuko wa chumbani, yuko wa uani. Weye ukibisha hodi uani kumtaka wa barazani, n'nani mwenye makosa?"

Na kulikuwa na kitu kimoja alichokifanya kilichomkera Mwanapili miaka yote. Wako uduvi wadogo wanaobeba watoto wao kifukoni, chini ya tumbo. Ukitazama vizuri unaviona vijicho vya watoto ndani ya mama. Hao Bi Time akiwakuta wengi katika nguo, huizamisha na kuwaachia, hata kama pakacha tupu. Mwanapili hupandisha sauti mpaka ng'ambo ikajua. Bi Time hujibu, "Wazazi hao. Twende mbele." Mwanapili huenda mbele, analaani, lakini nguo haiachii.

Nawashukuru wote wawili. Nilikuwa mtoto wa watu mwenye kiburi, nyumba ya ugeni, na wangeweza kuniacha na pua yangu.

Mwaka wa vita vile vya pili, Hamad akapata kazi ya upagazi bandarini Unguja, akaenda. Pandu, mwanangu wa kwanza, alikuwa bado ananyonya. Mchele ukapotea madukani. Watu waliokuwa hawaugusi muhogo ila wakati wa ugonjwa wakawa wanaula asubuhi na jioni, makopa na bada, bada na makopa, na mahindi yaliyoletwa na meli yaliyokuwa na wadudu zaidi ya punje. Nguo nazo zikawa za cheti, na cheti chenyewe hupati. Niliwaona wanaume wenye heshima zao wakienda shamba wamejifunga magunia. Nyuzi za mishipi na ndoana zikaadimika. Samaki wachache waliopatikana waliishia kwa wenye waume nyumbani, na sisi tuligaiwa walichobakisha, na hata hapo nasema ahsante.

Nguo ya Bi Time ya kutandia ilikuwa kanga kuukuu mbili zilizoshonwa ubavu. Mwaka ule ikachanika. Akaishona, ikachanika pembeni mwa mshono. Akatia kiraka, kiraka kikashinda nguo. Mwisho ikawa mnaiinua na mnatazamana kupitia katikati.

"Mama Hamad," Mwanapili alisema, "hino sasa dirisha."

Wakarudi nyumbani, na tangu siku hiyo jamvi letu likabaki tupu. Nzi wakahama. Nilikuwa nimewaombea wahame miaka mitano, na walipohama nikalia.

Maana maziwa yangu yalikuwa yamekatika. Pandu akawa hana kitu ila uji wa muhogo. Kwanza akaacha kucheza. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mtoto asiyelia ana jambo. Nywele zake zikageuka rangi ya makumbi ya nazi, ngozi ikawa inambambuka mapajani, miguu ikavimba. Ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo na shimo halirudi. Akatoka vidonda mdomoni. Nikimpa kipande cha samaki wa kuombwa, anakitema kwa maumivu. Dresa wa hospitali ya Mkoani alimtazama akasema hana homa, ana njaa ya kitoweo, mpe maziwa. Nikamwuliza maziwa ya nani. Maskini, na yeye alikuwa amekonda.

Kijijini walikuwa na jina lao. Walisema mtoto kabemendwa, yaani wazazi wake hawakustahimili, wamelala pamoja na yeye ananyonya. Na kwa kuwa mume wangu alikuwa Unguja, mnaelewa maneno hayo yalinisingizia nini. Nilimsikia mwanamke mmoja kisimani akiyasema. Nikamwaga maji ya ndoo yake yote, nikampa na ya kwangu kichwani. Sijuti mpaka leo.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia Bi Time. Hakuniuliza kama ni kweli. Alimtazama Pandu aliyelala juu ya mkeka, akamshika mguu, akaubonyeza, akalitazama lile shimo.

"Huyu ataka uduvi," akasema. "Wakitwangwa unga wakatiwa ujini, hawachomi mdomo."

"Nguo iko wapi, mama?"

Akaingia chumbani, nikasikia ufunguo wa kasha. Alipotoka, chumba kizima kilinuka kafuri.

Ilikuwa sanda yake. Kila mtu wa nyumba ile alijua ipo, na hakuna aliyewahi kuiona. Bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri, na vipande vya kafuri ndani ya mikunjo. Aliinunua kidogo kidogo, kwa uduvi mkavu aliouza, miaka mingi kabla mimi sijafika, kwa sababu ya ile marikani fupi ya mama yake. Aliapa kwamba yeye hatazikwa kwa nguo ya mtu. Kuwa na nguo yako mwenyewe ndani ya kasha lako, ukijua kwamba siku yako ikifika hakuna atakayesema "tumemsitiri", kwa watu waliotoka walikotoka wao lilikuwa jambo la kumfanya mtu alale usingizi. Nilijua hayo. Nikasema, "Mama, hapana."

"Hapana nini? Nguo ikenda baharini si hufuliwa? N'taifua, n'taianika, n'tairudisha. Kwani n'nakufa leo?"

Akatoka nayo begani, akabisha hodi kwa Mwanapili.

Mwanapili alipoiona akarudi nyuma hatua, akashika kizingiti. Kwetu sanda haikunjuliwi mwenyewe yu hai. Husemwa kwamba ikikunjuliwa humwita mwenyewe, na anayeshika ncha ndiye aliyemshikia mlango.

"Time, we mwenda wazimu? Irudishe kashani!"

"Shika ncha, twende, maji yapwa."

"Sishiki! Nimeshika vitambara vyako tangu ujana wangu, hino sishiki. Usinitie katika kifo chako."

Na akaanza kulia, yule mwanamke wa sauti. Alikuwa anampenda, sasa najua kwamba ndicho kilichomliza. Siku ile nilimwona mnafiki tu, na nikamwambia hivyo.

Basi nikashika ncha mimi. Mtoto nikamwacha kwa Mwanapili huyo huyo, ambaye alimpokea kwa mikono miwili bila kusita, huku machozi yanamtoka. Tukaenda.

Tulichomwa na jua mchana ule bure. Bafta mpya ina wanga; maji hayapiti, yanajaa ndani kama karai, tukiinua yanamwagika kwa juu na kila kilichomo kinakwenda nayo. Na kafuri ikatangulia mbele yetu. Niliwaona uduvi kwa macho yangu, wingu zima linakuja juu ya mchanga, likafika kama dhiraa moja kutoka kwenye nguo, likakatika katikati, nusu huku nusu kule. Bi Time akatikisa kichwa.

"Wana pua hawa kuliko ya weye," akanambia.

Tukairudisha, tukaifua kwa majivu, tukailoweka, tukaipiga juu ya jiwe, tukaianika kwenye upepo wa pwani mpaka wanga na kafuri vikatoka. Ilipokuwa safi ikawa nyeupe zaidi. Tukaenda tena. Safari hii maji yalipita vizuri, lakini ile nyeupe ilikuwa inang'ara chini ya maji. Uduvi hawakutaka hata kuikaribia. Wanaruka kinyumenyume, mara moja, kama waliovutwa uzi. Tukajaribu penye kivuli cha mikoko, tukajaribu penye matope, tukapata wa kujaza kiganja. Nikawatwanga hao, nikamlisha Pandu. Alimeza. Alimeza na akafungua mdomo tena, na sikuwa na kingine cha kutia.

Mtu ambaye hajawahi kuona mdomo wa mtoto wake ukifunguka hivyo, naye hana kitu mkononi, amshukuru Mungu.

Asubuhi nilimkuta Bi Time uani amekaa mbele ya chungu kikubwa. Pembeni yake lilikuwa fungu la magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, aliyoyatoa horini. Maji yalikuwa yanachemka, mekundu kama damu ya nyama. Watu wa pwani hutia mkandaa nyuzi na nguo za kazi zisioze. Na rangi yake ikishaingia haitoki, ufue kwa majivu, ufue kwa limau, ufue kwa dua. Sanda iko mapajani mwake, imekunjwa.

Nikaelewa. Nikapiga magoti mbele ya chungu.

"Mama, kanga yangu ya arusi. Ninayo moja. Tuitie hiyo."

"Kanga ile nyepesi, huwaona uduvi wakipita wakicheka. Hino bafta imebana." Alikuwa anaipapasa kwa kidole gumba, hataki kuiacha, na hakujificha kwamba hataki. Macho yalikuwa mekundu. Moshi haukuwa mwingi kiasi hicho. "Mwanakhamis, hawa Mungu kawanyima kucha, kawanyima sumu, kawanyima hata nguvu ya kuushinda mkondo. Kawapa macho tu. N'wakasirikie kwa kuona? Hiyo ndo riziki yao. Sisi tulopewa mkandaa, tutie mkandaa."

"Na wewe utavaa nini?"

"Mie niko hai. Huyu alolala ndani ndo yuko njiani kwenda."

Akaitumbukiza. Ilielea kidogo, ikajaa hewa, naye akaizamisha kwa mwiko. Alikaa akiitazama mpaka weupe wote ukaisha. Mimi nilisimama nyuma yake nikamshika mabega, kitu ambacho mkaza mwana wa Pujini hamfanyii mama mkwe wake, na yeye akaniachia nimshike.

Kutwa ile ilikauka kwenye kamba, nyekundu ya udongo. Kesho yake maji yalipoanza kurudi, tulikuwa ndani ya maji ya mapaja, mimi na yeye. Aliniambia nitembee upande ambao jua haliangushi kivuli changu mbele ya nguo. Aliniambia nisipige maji. "Polepole. Usiwatie kivuli. Shusha kama wamfunika ntoto alolala." Nikashusha. Ile nguo ikapotea. Naapa, niliishika na siioni, ilikuwa imekuwa mchanga na matope na majani. Lile wingu likaja, macho maelfu yasiyo na wenyewe, likaingia katikati yetu kama lililokuwa linakwenda kwake.

"Inua."

Tuliinua na mikono ikatetemeka kwa uzito. Wanaruka, wanameta, mikia yao yenye tone jekundu inachapa nguo, sauti kama mvua ya rasharasha juu ya makuti. Bi Time akaingiza mkono, akatazama kiganjani.

"Hawana watoto," akasema. "Alhamdulillahi. Twende nyumbani."

Tulipofika uani Mwanapili alikuwa amekaa na Pandu mapajani, na amekuja na Shehe Soud, imamu wetu, amtoe Bi Time katika balaa. Alitaka iamuliwe kama chakula kilichovuliwa kwa sanda kinalika. Mzee akaushika ukingo wa nguo, akaunusa, akatazama pakacha.

"Sanda ni ile alokwisha vaa maiti," akasema. "Kabla ya hapo nguo. Na hawa uduvi hawakuuliza. Wapikieni watoto." Halafu akakohoa kidogo. "Na mie nyumbani sina kitoweo."

Hata Mwanapili alicheka. Nikamgaia Shehe kifuu tele.

Niliwakaanga kwenye chungu kikavu, nikawatwanga, nikawapepeta, nikautia ule unga katika uji. Pandu alikula. Kesho akala. Sikuona mabadiliko mpaka nikaanza kukata tamaa, na siku moja nikamvua nguo kumwogesha, akanipiga teke. Teke dogo, la mguu ambao ulikuwa umeanza kupungua uvimbe. Akalia kwa hasira kwa sababu maji ya baridi. Nikamwita Bi Time aje asikie, tukasimama wawili juu ya beseni tunamsikiliza mtoto akilia kama watu wanaosikiliza kasida.

Mwanapili alirudi baharini wiki ile ile. Hakuomba radhi, alikuja tu, akanipokonya ncha mkononi, akasema nashika kama mtu wa shamba. Nguo ile ikawa ya mtaa mzima. Palipokuwa na mtoto mwenye miguu iliyovimba, Bi Time alipeleka unga wa uduvi katika kifuu, na palikuwa na nyumba nyingi. Yule mwanamke wa kisimani naye alipelekewa. Nilimpelekea mimi mwenyewe, kwa amri, na nikakiweka kifuu chini kwa kishindo ili ajue.

Vita vikaisha. Hamad akarudi na kofia mpya na hadithi nyingi. Nguo zikaendelea kuwa adimu. Kila aliyekwenda dukani alirudi na ahadi. Kila mwaka Hamad alisema, mwaka huu, mama, nitakupatia bafta yako, na kila mwaka Bi Time alisema hakuna haraka. Lakini niliwahi kumkuta amelifungua kasha, anatazama ndani, palipokuwa sanda. Alikuwa hafanyi kitu. Alipunga mkono kama anafukuza mende, akafunga.

Homa ilimchukua kipindi cha vuli. Alipojua kwamba haiachi, akaniita.

"Msinizike na ile nyekundu," alisema. "Ile ya kazi. Kule hamna uduvi."

"Mama, tutapata nyeupe."

"Mkikosa, n'gubikeni chochote." Akageukia ukutani. "Mamangu kagubikwa chochote."

Akafa alasiri, Hamad amemshika mkono, Pandu amesimama miguuni pake, ana miguu yake miwili myembamba iliyo sawa. Na nyumbani hamkuwa na dhiraa moja ya nguo nyeupe. Hamad akakimbilia madukani mpaka Mkoani, akarudi mikono mitupu. Watu wakaanza kunong'ona wachangishe, huyu atoe kitambaa, yule atoe shuka. Nilisikia mtu akisema, kwa huruma, "tumsitiri", na moyo wangu ukapasuka. Miaka yote ile, uduvi wote ule, na mwisho wake ukawa ule ule wa mama yake. Nilitoka uani nikapiga ukuta kwa ngumi.

Mwanapili akanikuta hapo. Alikuwa amebeba kitu ndani ya buibui, na kabla hajakitoa nilijua, kwa sababu kilitangulia kunuka kafuri.

Ilikuwa ya kwake. Hata siku moja hakuwahi kusema anayo.

"Mwanapili, wewe hutaki hata ikunjuliwe."

"Sitaki," akasema. Sauti yake ilikuwa chini, sijawahi kuisikia chini vile. "Lakini msiseme nimempa. Akisikia ataniudhi. Wajukuu zangu watatu wamekula katika nguo yake. Hino kanunua mwenyewe."

Basi tulimwosha, tukamtia kafuri ile ile. Shuka kubwa ya nje ilikuwa lazima itandikwe kwanza juu ya mkeka, ubavuni pake alipolazwa. Wanawake walikuwa wengi chumbani, lakini hakuna aliyeinuka. Nilishika ncha moja. Mwanapili akashika ya pili. Tukaikunjua, ikapanda kidogo kwa upepo wa mlangoni, ikajaa hewa, na sote wawili tukasimama palepale, kila mmoja na pembe zake mbili.

"Polepole," nikamwambia. "Usimtie kivuli."

Mwanapili akasogea akaliachia dirisha nafasi, mwanga ukamfikia Bi Time, na tukaishusha.